Vifaranga Niliowaahidi Mtaa Mzima

Naona aibu kusema, lakini mimi ni mwalimu wa hisabati. Tangu nihamie Tabora, hakuna aliyewahi kubisha hodi kwangu. Majirani hunisalimia njiani, kisha kila mtu hufunga mlango wake.

Nikanunua mashine ya kutotolesha mayai, nikaweka mayai mia. Kumi yalitoka kwa mfugaji mmoja wa Urambo, na mayai yake hutotoa tisa katika kila kumi. Tisini yalitoka Ipole, yakatikiswa mno barabarani. Ya namna hiyo hutotoa moja tu katika kumi. Mimi nikajumlisha tisa na moja, nikagawa kwa mbili, nikapata tano. Nusu ya mayai yote! Nikapita nyumba kwa nyumba nikaahidi watu hamsini kifaranga mmoja mmoja. "Njooni Jumamosi, na chai ipo."

Walikuja wote. Ua wangu haujawahi kuwa na kelele tamu namna ile. Vifaranga walikuwa kumi na wanane.

"Wengine wanakuja," nikasema, huku nikimimina chai.

Jirani yangu Mama Zuhura alichungulia mashine. "Mwalimu, mayai mengi yametoka wapi?"

"Ipole. Karibu yote."

Nilipojisikia nikilitamka hilo ndipo nikaiona hesabu yangu: mayai kumi nilikuwa nimeyapa uzito sawa na tisini. Nikawaeleza, wakacheka sana, nami nikacheka.

"Sasa kwa nini hukungoja watotolewe kwanza, ndipo utuite?" akauliza Mama Zuhura.

"Nilitaka mje," nikasema, na kicheko kikakatika uani.