Mishono ya Kunasa Kucha

Arlys Haugerud aliendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja pale Nordby, Minnesota, na muda wote huo hakushika sindano ila kurudishia kifungo kilichong'oka. Alikuwa mtu wa usukani. Alijua barabara zote za changarawe za wilaya, na alijua mtoto yupi angetapika kona ya tatu. Alistaafu mwezi wa Juni. Mumewe alikuwa amefariki miaka minne nyuma na mwanawe alikuwa anaishi Arizona, kwa hiyo Arlys akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya: saa kumi na moja alfajiri huja hata kama huna pa kwenda.

Mwezi wa Agosti, kwa kukosa la kufanya, alifungua sanduku la marehemu mama yake, Selma. Chini kabisa alikuta uso wa mfarishi, lile shuka nene la viraka la kujifunika. Ulikuwa ule upande wa juu peke yake, viraka vimeunganishwa kwa nyota nyota, bila pamba ndani wala kitambaa cha chini. Aliyatambua mashati ya baba yake, na gauni lake mwenyewe la darasa la kwanza. Karatasi iliyobanwa kwa pini ilikuwa na mwaka tu: 1968.

Jambo hilo lilimshangaza. Selma hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Hata kipande cha sabuni alikitumia mpaka kiyeyuke mkononi. Arlys alikumbuka kwamba akiwa mtoto alimwuliza mara moja kwa nini mfarishi ule haumaliziki. Mama yake alijibu, "Nimeuchoka," akageukia sufuria zake.

"Basi nitaumaliza mimi," Arlys alijiambia. Kuendesha basi lenye watoto hamsini theluji ikianguka aliweza, sembuse viraka?

Alinunua pamba na kitambaa, akatandaza vyote mezani jikoni, akaanza kushona kwa sindano ndefu ya kutilia viraka soksi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba tabaka zile tatu hushikizwa kwanza. Baada ya siku tatu mfarishi ulikuwa umefura huku na kukunjamana kule, kama godoro lililolaliwa na ng'ombe. Aliufumua wote kwa hasira, na Jumatano iliyofuata akaubeba hadi chumba cha chini cha kanisa, ambako kina mama wa mifarishi hukutana saa tatu asubuhi.

Walikuwa saba, wameizunguka fremu ya mbao, mfarishi umevutwa juu yake ukakazika. Kiongozi wao, LaVonne Skaar, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia kuku, aliutazama uso ule wa nyota, kisha akaitazama sindano ya Arlys.

"Hee! Sindano gani hiyo, mwenzangu? Unashona mfarishi au gunia la viazi?"

"Ndiyo niliyokuwa nayo."

"Tupa huko! Shika hii." Alimpa sindano fupi kama punje ya mchele na kastabini ya kuvaa kidoleni. "Mkono wa juu unashona, wa chini unasubiri. Ukichomwa chini, ujue imefika. Na mishono iwe midogo. Ikiwa mikubwa, mtu anajigeuza kitandani, kucha ya mguu inanasa uzi, praa! Tunaiita mishono ya kunasa kucha."

"Na huu wa mama yangu mtauweka lini kwenye fremu?"

"Utaratibu ni uleule wa miaka yote. Atakayekaa nasi tangu Oktoba mpaka Pasaka, wa kwake unapanda. Hakuna njia ya mkato, hata ungekuwa askofu."

Arlys akakubali. Alipewa kiti karibu na Bi Borghild Tollefson, aliyekuwa na miaka tisini na mmoja na aliyekunywa kahawa huku ameling'ata donge la sukari kwa meno ya mbele. Bi Borghild aliugusa ule uso wa nyota kwa vidole. "Selma," alisema, akarudia kahawa yake.

Jumatano zikawa na maana. Palikuwa na kahawa, keki za kukatwa vipande, umbeya wa kiasi, na vicheko. Walishona mifarishi ya watoto wanaopata kipaimara, na kila wiki walimwambia Arlys, "Unaendelea vizuri." Naye aliona kweli. Kila alipokuja alikuta mishono yake ya wiki iliyopita ni mizuri kuliko alivyoikumbuka. "Mikono yangu ina akili kunishinda," alimwambia mwanawe kwenye simu.

Inafaa kusema hapa kwamba watu wa Nordby hawagombani. Ukiwaudhi wanakuongezea kahawa. Ukiwaudhi sana wanakukatia na keki.

Jumatano moja ya Novemba Arlys alisahau miwani yake kanisani, akageuza gari. Aliposhuka zile ngazi aliwakuta LaVonne na wenzake wawili wameinamia mahali pake kwenye fremu, na mikasi midogo mikononi. Walikuwa wanafumua mishono yake, mmoja mmoja, nyuzi wakizitupa kwenye kisahani cha keki. Nusu ya mstari wake ilikuwa tayari imeshonwa upya, midogo na sawasawa.

Mikasi ikasimama hewani.

"Kahawa bado ipo, Arlys," LaVonne alisema.

Arlys alichukua miwani, akachukua na uso wa nyota wa mama yake uliokuwa ukisubiri zamu pale, akaondoka. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kilichomuuma hasa ni zile "unaendelea vizuri" alizozibeba nyumbani kila wiki na kuzitafuna peke yake kwa furaha, kama mtoto aliyedanganywa kwa peremende.

Jumatano mbili hakwenda. Ya tatu, gari la LaVonne lilisimama uani kwenye theluji. LaVonne mwenyewe hakushuka; alikaa ndani, injini inanguruma, macho mbele. Aliyeshuka ni Bi Borghild na mkongojo wake. Alikataa kahawa, na kwa watu wa kule hilo tu lilitosha kumtisha Arlys.

"Nimekuja kusema neno, usinikate," alisema akikaa. "Mama yako alikaa kiti kilekile ulichokaa. Mishono yake ilikuwa mikubwa kama yako. Na mimi ndiye niliyeifumua."

Arlys alivuta kiti, akakaa.

"Siku moja alirudi kuchukua bakuli lake, akanikuta. Hakusema kitu. Alichukua bakuli na uso wake wa nyota, akapanda ngazi. Miaka yote iliyobaki tulikutana dukani, kanisani, mazikoni. 'Habari?' 'Nzuri.' Basi. Nimemzika hatujaongea."

"Kwa nini hamkumwambia tu?"

"Tuliona ndio upole, binti yangu. Kumwambia mtu usoni kazi yake mbaya, nani angethubutu?"

"Kwa hiyo mkanifanyia na mimi."

"Tumekufanyia na wewe. Na umeondoka vilevile alivyoondoka yeye. Ndiyo maana sikulala."

Arlys alilitazama sanduku lililokuwa pembeni ya mlango. Damu ya Selma ilikuwa inamchemka, na ilimwambia afungue mlango amwonyeshe bibi huyu njia. Lakini alijua njia hiyo inaishia wapi, kwa maana ilikuwa imekaa ndani ya sanduku lile miaka hamsini na zaidi, imebanwa kwa pini.

"Nitarudi," alisema mwishowe. "Ila kwa sharti. Mshono wangu ukiwa mbaya niambieni usoni, na mwenye mshono ndiye atakayefumua. Sharti hilo ni la wote."

Kusema kweli, sharti lile liliwatesa wao kuliko yeye. Mara ya kwanza LaVonne alitaka kusema akawa mwekundu kama nyanya. "Arlys... samahani... huo hapo... labda mimi ndiye sioni vizuri..."

"Mkubwa?"

"Mkubwa."

"Sema basi, mama! Hujaniambia nimekufa." Akaufumua mwenyewe, na fremu nzima ikacheka. Kuanzia siku hiyo ndimi zikawa nyepesi. Kufikia mwisho wa Machi Arlys alikuwa anaweka mishono saba kwenye inchi moja, na vidole vya mkono wake wa chini vilikuwa vimeota sugu.

Wiki moja baada ya Pasaka, nyota za Selma zikapanda kwenye fremu. Walishona asubuhi nzima. Wenzao walipoondoka Arlys alibaki kuosha vikombe, na alipogeuka akamwona LaVonne na mkasi wake. Safari hii hakuwa mahali pa Arlys. Alikuwa mahali pa Bi Borghild.

Arlys akasogea. Mstari wa bibi ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi, mishono mirefu hata kidole kidogo kingepita chini yake.

"Macho yamekwisha," LaVonne alinong'ona. "Tunamfumulia tangu mwaka juzi."

"Anajua?"

"Nani amwambie? Wewe?"

Arlys aliushika ule mkono wenye mkasi. "Uache mpaka Jumatano."

Wiki ile hakuonja raha. Sharti alilitunga mwenyewe, na sasa lilikuwa limemgeukia. Akinyamaza, atakuwa amemfanyia bibi yale yale yaliyomfukuza mama yake. Akisema, huenda akamwondoa fremuni mtu aliyekaa pale miaka sitini. Jumatano ilipofika alikaa kwenye kiti chake, akavaa kastabini, akaivua.

"Bi Borghild. Mishono yako ni mikubwa. Na imepinda."

Vikombe vyote vikatua. Bi Borghild alipitisha kidole polepole juu ya mstari wake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

"Mmekuwa mkinifumulia?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Bibi alirudisha kidole mwanzo wa mstari. Machozi yalimshuka, na hakuyafuta. "Mkuki kwa nguruwe," alisema. "Kumbe ndivyo unavyouma. Selma, umenipata." Kisha akanyoosha mkono. "Haya, nipe mkasi. Mwenye mshono ndiye anayefumua."

"Mfarishi ni wa mama," Arlys alisema. "Sharti lilikuwa kukwambia, nimekwambia. Sasa nakuomba uiache."

"Itakunasa kucha, mtoto wewe."

"Inase."

Bi Borghild alifikiri. Halafu akaisukuma sindano yake upande wa Arlys. "Basi nitungie uzi. Tundu lenyewe silioni."

Akamtungia, siku ile na Jumatano zote zilizofuata. Mfarishi ulishuka kwenye fremu mwezi wa Juni. Bi Borghild alifariki mwezi wa Oktoba, na safari hiyo mtu wa familia ya Selma alikaa kiti cha mbele mazikoni.

Januari, asubuhi moja ya baridi kali, Arlys alijigeuza kitandani na kucha ya mguu ikanasa uzi, kona ya chini kushoto, mahali pa Bi Borghild. Ilikuwa saa kumi na moja. Aliinua mfarishi, akaunasua ule uzi taratibu asije akaukata, akaulaza mahali pake kwa kidole gumba. Kisha akashuka kitandani kubandika kahawa, maana ilikuwa Jumatano.