Mwenyekiti Aliyechukua Sufuria ya Askari

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya swali moja: mtu ambaye hajavaa sare hata siku moja anaweza kuwa mwenyekiti wa bodi inayosimamia watu wenye sare? Nikijibu ndiyo, linakuja la pili: na mimi, ambaye sijaingia kituo cha polisi hata kuulizia baiskeli iliyopotea, ni nani wa kumchagua mtu huyo? Nikilalia ubavu wa kulia naona sababu za ndiyo, nikigeukia wa kushoto naona za hapana. Kunakucha nimegeuzwa kuliko chapati.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu miezi minne tu kabla. Nilipangiwa Same, kuwa katibu wa bodi mpya ya mafunzo na maadili ya askari wa wilaya. Bodi ingeamua askari wafundishwe nini, wapimwe vipi, na nani amsikilize raia mwenye malalamiko. Nilipoyapata maelezo hayo niliyasoma mara tatu mfululizo kwa furaha. Nilikulia kambi ya mkonge upande wa Ndungu, baba yangu akiwa mkata mkonge aliyetoka mbali, kusini, na kule kambini askari alikuwa mtu wa kukimbiwa kwanza, sababu tungeijua baadaye. Sasa nchi ilikuwa yetu, na mimi mtoto wa kambi nilikuwa na meza na muhuri. Kilichokosekana ni mwenyekiti.

Masharti yalisema asiwe askari aliye kazini wala kiongozi wa Chama, bali raia anayeaminika. Kazi yangu ilikuwa kupeleka majina matatu kwenye kikao cha Ijumaa. Kila mtu ofisini alijua jinsi vikao vile vinavyokwenda: jina la kwanza hupitishwa, mengine mawili ni ya kujaza karatasi. Mkuu wangu, afisa tawala, mtu mpole aliyependa kuongea huku anafuta miwani, aliniambia, "Kijana, wa kwanza muweke sajenti mstaafu. Hao wengine katafute." Nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio, na mwenye kuijaza fomu yangu ya majaribio alikuwa yeye.

Nilimtembelea sajenti nyumbani kwake, karibu na stesheni. Alikuwa amenyooka kama mlingoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umesoma hadi wapi?"

"Chuo Kikuu, mzee."

"Na bado huna kitambi. Kaa, unywe chai."

Nilimuuliza angefanya nini raia akija kumlalamikia askari.

"Kwanza nitamuuliza raia alikuwa anafanya nini pale."

"Na askari je?"

"Askari alikuwa kazini," alisema, akanisogezea sukari.

Hakuwa mtu mbaya. Niliandika kwenye daftari langu neno "uzoefu", nikalipigia mstari, nikaweka alama ya kuuliza, kisha nikaifuta. Siku iliyofuata nilikwenda kwa mwalimu mstaafu. Huyo alikubaliana na kila nililosema. Nikamjaribu kwa kusema kinyume cha nililosema mwanzo. Akakubaliana na hilo pia, kwa furaha ileile.

Aliyeniokoa ni mama mpiga chapa wa ofisi yetu, mzaliwa wa Myamba. Aliniona nimeshika kichwa, akaacha kupiga.

"Unatafuta mtu wa kuwaweza askari? Kwetu yuko mama alichukua sufuria ya askari, na askari akaifuata kwa miguu yake mwenyewe."

"Aliiiba?"

"Aiibe ya nini? Msaragambo huo."

Akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni jinsi ya kula. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu kwenda kwenye kazi ya wote, kuzibua mfereji au kutengeneza barabara. Asiyefika bila sababu, wenzake huenda kwake wakachukua kitu, kuku au sufuria, wakakiweka mpaka aifanye sehemu yake ya kazi. Mama huyo, mjane mwenye shamba la kahawa na maharage, ndiye aliyeshika daftari la waliofika na wasiofika.

Nikaketi kumwandikia barua. Ya kwanza niliona inanyenyekea mno, ya pili inaamrisha, ya tatu ina maneno ya chuoni. Ya saba ilisema: "Bodi inakutaka uwepo nyumbani kwako Jumatano saa nne, kwa mazungumzo kuhusu maadili ya askari." Nikaipiga muhuri mara mbili kwa furaha tu. Mgambo mmoja alikuwa anapanda Myamba asubuhi hiyo na sare yake na bunduki yake. Nikampa aipeleke.

Jumatano nilipanda Land Rover ya ofisi pamoja na dereva. Tulipita Kisiwani, tukapita mashamba ya mkonge ya utoto wangu, tukaanza kuupanda mlima hadi baridi ikaniingia kwenye shati. Njia nzima nilikariri maswali yangu kumi na mawili.

Uani kwake nilikuta watu kama ishirini, kimya. Balozi wa nyumba kumi alikuwa mbele. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejifunga kitenge kipya juu ya sweta, daftari la mraba magotini. Pembeni yake mwanamke mmoja alishika furushi la nguo na blanketi, na mwingine chombo cha makande kilichofungwa vizuri, kama cha safari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pingu ziko kwenye gari?"

Nilifungua mdomo. Akainua mkono.

"Ngoja. Umepanda mlima wote huu, nisikilize kwanza, ndipo twende."

Sikulelewa kumkatiza mtu wa rika la mama yangu, na woga wangu wa kawaida ukamalizia kazi. Niliketi. Akafungua daftari.

"Siku ya mfereji pembe ililia mara mbili. Askari wetu alikuwa nyumbani kwa likizo, hakutoka. Nilituma mtu amuulize kama anaumwa. Akajibu kwamba yeye ni serikali."

"Na serikali inakunywa maji ya mfereji," mwanamume mmoja nyuma alidakia, watu wakacheka.

"Shemeji, zamu yako haijafika." Akarudi kwenye daftari. "Tulikwenda watu watatu, mchana, mkewe akiwepo. Nikauliza sufuria ipi inapikiwa watoto, hiyo nikaiacha. Nikachukua ya wageni. Ilikuwa imebonyea ubavuni, nikaliandika humu mbele ya mkewe, isije ikasemwa ni sisi."

"Askari alisema nini?" Swali hilo halikuwemo katika yale kumi na mawili.

"Alikuja jioni anafoka. Nikamwambia sufuria iko pale, haijaguswa, na kipande chake cha mfereji kiko kulekule. Alikuja siku ya tatu. Alichimba vizuri, lazima niseme, na hilo nimeliandika pia. Nikamrudishia sufuria imesuguliwa. Kama amenishtaki, hayo ndiyo yangu."

"Umewahi kumchukulia mtu kitu kwa makosa?"

Akafunua kurasa za nyuma. "Kuku. Mwenyewe alikuwa anamuuguza mama yake, nami sikuuliza. Nilimrudisha kuku, nikamlimia siku nzima mbele ya watu. Tangu hapo natuma mtu kuuliza kwanza."

Mafunzo yote ambayo bodi yetu ilikuwa bado haijayaandika yalikuwa magotini pake. Uliza kwanza. Nenda mchana, mwenyewe au mkewe aone. Waachie watoto chakula. Andika ulichokikuta kabla hujakigusa.

"Mama," nilisema, "hakuna aliyekushtaki. Nimekuja kukuomba uwe mwenyekiti wa bodi ya askari."

"Rudia, kijana," balozi alisema. "Polepole."

Nikarudia. Mwanamke mwenye chombo alikitua chini. "Basi makande haya tuyalie hapahapa," alisema, na ua mzima ukaangua kicheko.

Mama hakucheka. "Ombi linaletwa na mtu mwenye bunduki?"

"Nilikosea, mama. Nisamehe."

"Siku tatu nimelala na viatu mlangoni. Mwanangu wa kike ameshinda analia." Alifunga daftari. "Andika hili. Nikiwa mwenyekiti, barua ya bodi haipelekwi na bunduki."

Nikaandika. Akaniambia masharti yake mengine atayajua akisoma hizo sheria zetu, na ziwe za Kiswahili. Tulipokuwa tunakula akaniuliza kama wakubwa wa Same watamkubali. Nikasema sijui.

"Na wewe je?"

Nikaanza kutafuta maneno, kama kawaida yangu. Akanikatiza.

"Kama ni kuwekwa kwenye karatasi ili mistari itimie, niambie sasa hivi. Nina maharage ya kupalilia."

Wakati wa kurudi nilimwambia dereva habari hiyo yote, na tulipofika bondeni nikamwambia tena tangu mwanzo. Alhamisi mkuu wangu aliniuliza kama nimewapata wa pili na wa tatu. Nikasema nimewapata. "Vizuri," akasema. "Sajenti juu."

Nikafikiria kuyapanga majina kwa herufi, ili isiwe mimi niliyeamua. Kwa herufi sajenti alikuwa wa kwanza. Kwa umri pia. Nikafikiria kupata kazi nyingine nikifukuzwa hii, na nini nitamwambia baba yangu, aliyewatangazia kambi nzima kwamba mwanawe ni katibu. Kisha nikamfikiria askari mmoja, yeyote, amesimama mlangoni kwa mtu, anauliza ni sufuria ipi inapikiwa watoto. Nikaona ninatabasamu peke yangu.

Ijumaa asubuhi nilimtajia mama mpiga chapa majina. La kwanza lilimfanya ainue vidole.

"Nimesikia sawasawa?"

"Umesikia, mama."

Akapiga kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Nilikuwa nimepanga kurasa mbili za sababu. Ikatosha mistari minne. Nikatia sahihi. Nikagonga kwa mkuu wangu kabla ya kikao, maana sikutaka alijue hilo mbele ya watu.

"Mzee, nimeweka jina jingine kwanza. Sababu ziko chini yake, na nitazisoma mwenyewe kikaoni."

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Unajua fomu yako iko kwenye droo hii?"

"Najua, mzee."

Nikaingia chumba cha kikao, nikaweka nakala mbele ya kila kiti, cha mkuu wangu kikiwemo, na wajumbe walipokwisha kukaa nikasimama, nikaanza kusoma jina la kwanza.