Ng'ombe Aliyeramba Bampa ya Hafiz

Nyakundi ni ndugu mdogo wa mume wangu. Kama umewahi kuoshewa gari pale Keumbu, chini kidogo ya soko, labda ni yeye aliyekuoshea: kijana mwembamba, kofia nyekundu, haongei mpaka umguse kwa mambo ya gari. Miaka mitano ameosha magari ya watu, na mikono yake imekuwa laini kuliko yangu mimi ninayefua nepi kila siku.

Kilichokuwa kinamsumbua ni zile plastiki nyeusi za gari, bampa na ile mikanda ya juu ya magurudumu. Jua linazipausha mpaka zinafanana na miguu ya mtoto aliyeenda shule bila kupakwa mafuta. Unaosha gari, linang'aa kote, lakini hapo panabaki kijivu. Nyakundi alisema mtu akiweza kurudisha ule weusi, hataomba kazi tena.

Basi akaanza kujaribu. Magadi tunayopikia mboga aliyayeyusha kwa maji ya moto, akasugua plastiki kwa brashi mpaka uchafu mweupe ukatoka, halafu akapaka mafuta ya avokado aliyokamua mwenyewe. Nyeusi ti! Watu wakasimama kutazama.

Hafiz naye akaona. Huyu ni mfanyabiashara wa Kisii mjini, ana magari matatu madogo ya kusambaza unga na sabuni mpaka Nyamache na Masimba. Alimletea Nyakundi gari lake la nyumbani.

"Fanya hili kwanza," alimwambia. "Likinipendeza, yale matatu ni yako kila mwezi, na nitakupa pembe kwa stoo yangu, yenye mabati. Lakini nakuambia mapema, sitaki kupakwa mafuta machoni."

Ile pembe yenye mabati ndiyo Nyakundi aliyoiota. Mvua ya huku unaijua, kila siku saa nane inamfukuza kazini.

Alhamisi hiyo aliisugua ile gari asubuhi, akapaka mafuta, akaileta hapa nyumbani ipate kivuli, maana jua linakausha mafuta vibaya. Kivuli kilikuwa karibu na boma la ng'ombe. Akaingia kula. Mimi nilikuwa mlangoni na mwanangu Gesare mgongoni, nachambua mboga.

Nikasikia kitu kama mtu anapiga msasa. Kwaru, kwaru. Nikainua macho.

Ng'ombe alikuwa ametoa kichwa chote kati ya fito, anaramba bampa. Si kuramba kidogo, alikuwa amefunga macho kama anayesali! Nilipiga kelele mpaka Gesare akaanza kulia.

Nyakundi alitoka na ugali mkononi. Alisimama. Ugali ukaanguka na yeye hakujua.

Nani hajui ng'ombe anapenda magadi? Sisi wenyewe tunampa kwa sahani. Nyakundi alikuwa amesuuza haraka, na kila ulimi ulipopita mafuta yalikuwa yameondoka. Bampa ilikuwa na mistari, nyeusi, kijivu, nyeusi, kijivu, na mate yananing'inia. Hapo nikaona kitu kilichonishtua kuliko ng'ombe. Weusi haukuwa umerudi hata kidogo. Ulikuwa umepakwa tu juu.

Jirani yetu Esnah alichungulia uani. "Nyakundi! Kumbe umemwandika huyo kazi? Anaosha bure!"

"Esnah, niache."

Alikimbilia chupa ya mafuta. Nilijua anataka kupaka tena kabla Hafiz hajaja kuchukua gari lake. Alifungua kifuniko, akanitazama, akakifunga. Pikipiki ikaingia, na Hafiz akashuka.

Alizunguka gari. Akapitisha kidole kwenye bampa, akakitazama. "Hii ni nini?"

"Ni mafuta, mzee. Ng'ombe ameyaramba. Hata mvua ingeyatoa," Nyakundi alisema. "Kuna njia nyingine. Ni moto."

"Moto? Kwa gari yangu?"

Nyakundi aliingia chumbani kwake, akatoka na tochi ya gesi, ile mafundi wa mabomba hutumia. Sikujua anayo! Alisema aliona fundi mmoja wa Masimba akiipitisha kwenye bampa, akanunua yake, na tangu hapo anaiogopa.

"Yaya, hapana!" Hafiz alirudi nyuma. "Usiguse. Nipe funguo."

Nilitazama funguo zikitoka mfukoni mwa Nyakundi. Sijui nilitoa wapi ujasiri. Nilichukua beseni nyeusi ninayomwogeshea Gesare, iliyopauka kwa kukaa juani, nikaiweka mbele yao. "Shemeji, choma hii kwanza."

"Mama Gesare, hiyo ni ya mtoto," Nyakundi akasema.

"Choma."

Akawasha. Moto wa buluu, unavuma. Akaupitisha haraka, kama mtu anayepiga pasi kitambaa chepesi, na mimi nikaona weusi ukitoka ndani ya plastiki yenyewe, unafuata moto. Hafiz alisema jina la Mungu. Nyakundi naye alishangaa, akasimama sekunde moja tu kutazama, na mdomo wa beseni ukajikunja kama sikio la mbuzi.

"Umeona?" Hafiz akafoka. "Hiyo ingekuwa bampa yangu!"

"Nimeona. Husimami mahali pamoja. Ukisimama umeharibu."

Hafiz akalowesha leso yake, akasugua ile sehemu nyeusi ya beseni kwa nguvu zote. Leso ikabaki nyeupe.

"Mleteni ng'ombe naye apime!" Esnah akaita, na Hafiz, uso wake umekunjwa vile, akacheka.

"Haya. Osha hayo mate. Anza na kona ya nyuma, upande mdogo. Ukisimama, nitakusukuma mwenyewe."

Hakusimama. Alipita kona, akapita upande wote, akahamia magurudumu. Hafiz alimfuata ameinama, mikono mgongoni, hapepesi macho. Plastiki ikawa nyeusi kama siku gari lilipotoka dukani.

"Ijumaa niko msikitini, Jumamosi wewe Msabato uko kanisani," Hafiz alisema akiingia ndani ya gari. "Jumapili asubuhi uje stoo. Utaanza na gari moja. Na magadi yabaki kwa mboga."

Aliondoka. Nyakundi akakaa chini pale pale kwenye matope, tochi bado inavuma mkononi. Nilimwita mara mbili. Mwishowe niliinama, nikafunga gesi mwenyewe.