Chembe ya Twaibah

Sogeeni niwape habari za Twaibah, binti wa Wanyange kule Jinja, aliyeolewa Nkoma, Mbale. Mumewe alipofariki akakaa eda nyumbani kwa mama mkwe, Hajati Nusifa. Hatoki, hajipambi, ua wa nyumba anauona kupitia dirisha tu. Alichobaki nacho ni kompyuta na kazi ya chuo.

Kazi yenyewe ni hii. Programu huweka chembe ndogo yenye chaji ndani ya mtego wa sumaku, ikapiga hesabu chembe itakuwa wapi kitambo kidogo baadaye, halafu tena na tena, na kuchora njia yake kwa mstari wa buluu. Mstari huzunguka kama uzi unaoviringishwa kijitini, hufika mwisho, hurudi. Mwalimu wake, Mugweri, alitaka aionyeshe kabla chuo hakijafungwa; akikosa, mwaka mwingine.

"Mama, niruhusu niende asubuhi nirudi. Masheikh wanakubali mwenye eda atoke mchana akiwa na haja."

"Masheikh hawakai na majirani zangu," akajibu Hajati. "Udongo wa mwanangu haujakauka."

Basi Mugweri akakubali kuja mwenyewe. Siku hiyo umeme ukakatika, betri ikaanza kuisha. Twaibah akarefusha vile vitambo kati ya hesabu na hesabu ili kazi iishe upesi. Mara mstari ukachomoka mtegoni, ukaenda zake.

"Imetoka!"

Hajati akaja mbio na mwiko mkononi. "Nani katoka?"

"Chembe, mama."

"Heri yake."

Hodi ikapigwa. Hajati akashusha pazia la mlango, akampelekea mgeni kompyuta barazani kwa mikono miwili, kama sinia ya wali.

"Mbona imetoka?" Mugweri akauliza. "Umeona tundu kwenye mtego?"

Twaibah akasogea karibu, nyuma ya pazia. Ndiyo moja tu, na kazi ingekwisha.

"Hapana, mwalimu. Nimerefusha vitambo, ikaruka pale ilipopaswa kupinda. Tundu hakuna."

"Basi nitangoja umeme. Rudia."

Umeme ulirudi alasiri, Twaibah akarudia kwa vitambo vifupi, Hajati akaipeleka tena kompyuta barazani. Mstari ukazunguka, ukafika mwisho, ukarudi.

"Umepita, binti," akasema Mugweri, akaaga.

Hajati alibaki na kompyuta mapajani.

"Na hii itazunguka mpaka lini?"

"Mpaka niizime, mama."

Hajati akainuka, akafunga mlango kwa komeo, akarudi kuketi kando ya mkwewe.

"Usiizime kwanza."