Kioo cha Chini

Nimeziona kamera tatu maishani mwangu, zote hapa Bagamoyo, zote kabla mvi hazijanianza. Ya kwanza ilikuwa sanduku kubwa la mbao lenye miguu mitatu, nayo ilitaka kioo kilichopakwa dawa muda uleule. Dawa ikikauka kabla picha haijapigwa, kazi imeharibika. Ya pili ilifika baadaye kidogo, nyepesi zaidi, na vioo vyake vilitoka Ulaya vimekwisha kupakwa, vikavu, vimefungwa kwa karatasi nyeusi. Ya tatu niliiona mikononi mwa Mzungu mmoja baada ya vita vya Wadachi vya kuitwaa pwani: kijisanduku cha kubeba mkononi, ndani hamna kioo, mna utepe unaozungushwa. Alipita nacho sokoni akikibofyabofya, na watu wakamfuata kwa mshangao. Mimi nilikasirika, nikaenda zangu. Ile ya pili ingetangulia mwaka mmoja tu, nisingekuwa na la kuandika.

Kazi yangu ilikuwa na ile ya kwanza. Mwenyewe alikuwa Mgoa aliyevuka kutoka Unguja, akapanga nyumba ya mawe karibu na forodha, akawa anawapiga picha matajiri wa pembe, Wahindi wenye maduka na Wazungu waliokuwa wakijiandaa kwenda bara. Mimi nilikuwa mjane mwenye binti mmoja wa miaka saba, na uso uliotobolewa na ndui nilipokuwa mdogo. Uso huo ndio ulionipatia kazi. Mgoa alisema anataka mwanamke ambaye hatamsumbua kila siku kuomba apigwe picha.

Kazi zenyewe zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mayai. Wanawake wa Kikwere waliyaleta kutoka Fukayosi, nami nikayavunja, nikautenga ute, nikaupiga kwa chumvi mpaka ukafanya povu; ulipotulia ulipakwa kwenye karatasi ili picha ipate kushika. Viini vilikuwa vyetu. Majirani walinicheka kwamba mimi ndiye maskini pekee wa mji huu ambaye mwanawe amechoka kula mayai, na kweli alikuwa amechoka, mpaka ananuna akiiona sahani.

Kazi ya pili ilikuwa vioo. Vioo vilikuja kwa meli, na meli haina ahadi. Kwa hiyo picha ikishachapwa kwenye karatasi na mwenyewe akachukua zake, kioo kilirudi kwangu nikisugue kwa majivu na ndimu mpaka picha itoke yote, kisha kipakwe dawa upya. Aliyenitangulia katika kazi hiyo alikuwa mvivu. Siku moja picha ya Mzungu ilitoka na kilemba cha Mhindi kikielea nyuma ya bega lake, kwa sababu kioo hakikusuguliwa sawasawa na mtu wa zamani akabaki humo. Mvivu yule alifukuzwa siku hiyohiyo. Vioo vyangu mimi havikubakiza mtu hata mmoja. Mgoa aliwaambia wageni kwamba mikono yangu ni dhahabu, ingawa dawa ilikuwa imeifanya myeusi kama ya bibi harusi aliyetiwa piko.

Lakini sikuwa nikivitazama. Ukikiinua kioo kwenye mwanga, mtu yumo kinyumenyume: palipo peusi pameng'aa, palipo peupe pamekuwa giza. Wiki ya kwanza nilimwona humo muuza samli wa mtaani kwetu, uso mweupe, meno meusi, mboni zinawaka, na mchana ule nilishindwa kula. Tangu hapo nilisema bismillahi, nikageuza uso, nikasugua kwa kupapasa. Vidole vilijua pale picha ilipo na pale ilipokwisha. Mtu wa kwetu angenielewa. Mgoa alidhani ni ufundi.

Mwaka uliotangulia ile kamera ya pili, kabla ya masika, Mgoa alichanganya dawa mpya na akataka kuijaribu kwa mtu anayeweza kutulia. Alimweka binti yangu kitini, akamkazia chuma cha kushikilia kichwa kwa nyuma, akatandika shuka jeupe ukutani. Mwanangu alivaa kaniki mpya, nyeusi ti, niliyomnunulia sikukuu ya Idi. Alikaa tuli mpaka Mgoa alipomaliza kuhesabu, kisha akauliza kama anaruhusiwa kumeza mate. Mgoa alicheka, akasema dawa ni nzuri, na akaahidi kwamba karatasi zikifika kutoka Unguja ya kwanza itakuwa ya mtoto. Karatasi zilikuwa zimekwisha.

Kesho yake nilifanya nisichokuwa nikifanya. Nilikitoa kioo chake kwenye kasha la vioo vizuri vinavyosubiri kuchapwa, nikakiinua dirishani nimwone. Ile kaniki ilikuwa nyeupe pe. Mwanangu alikuwa mweupe, amezungushiwa nguo nyeupe kuanzia kifuani, na nyuma yake, pale palipokuwa na shuka, giza tupu. Nilikuwa nimewahi kuvisha maiti sanda. Sikuhitaji kuelezwa ninachokiona.

Nilijua kabisa kwamba kwenye karatasi weusi utarudi kuwa weusi. Kujua hakukunisaidia. Sikutaka kioo kile kikae mahali ambapo mtu anaweza kukiinua na kumtazama mwanangu hivyo, na pengine akatamka neno. Katika banda la uani kulikuwa na rundo la vioo vya kusuguliwa, vimelazwa kimoja juu ya kingine, na hakuna aliyeligusa isipokuwa mimi. Nikakiingiza chini kabisa. Nilijiambia kwamba karatasi zikifika nitakitoa mwenyewe. Kwa Mgoa sikusema kitu, maana angenicheka.

Ndui iliingia mjini na msafara wa bara. Walioshikwa walitolewa nje ya mji, na aliyewahi kuugua ndiye aliyeruhusiwa kuwauguza. Nilimbeba mwanangu mpaka kwenye kibanda upande wa Kaole, tukakaa huko siku kumi na moja. Sitaziandika. Niliomba maji ya kumkosha, nikamkosha mimi, nikamvisha mimi, na nilipomfunika kifua ile nguo nyeupe nilijua nimekwisha kumwona hivyo. Watu wanasema nilikuwa imara siku ile. Sikuwa imara, nilikuwa na hasira na kioo.

Arobaini ilipopita, mwanamke wa mayai aliniletea salamu: karatasi zimefika, na Mgoa ananihitaji, kuna ofisa Mzungu anataka picha na vioo safi hakuna. Nilikwenda mbio. Kitu pekee nilichokitaka duniani ni mwanangu kwenye karatasi, katika rangi yake, na kaniki yake iwe kaniki.

Nilikuta rundo limehamishiwa chumba cha nyuma. Vioo vilikuwa kumi na vitatu. Ningeweza kukitoa cha chini kwanza. Sikuweza. Nilikuwa nimetoka kumzika, na kumtazama tena katika sanda ile kulinitia hofu, nikasema nitamkabili mwisho, mikono ikishachoka. Nikaanza cha juu. Nikageuza uso kama desturi yangu. Kile cha kwanza kilikuwa kigumu, dawa ilishika kuliko kawaida, nikarudia majivu mara mbili na pembeni nikakwangua kwa ukucha. Kumi na viwili nilivimaliza kabla ya adhuhuri. Cha kumi na tatu nilikifuta vumbi kwa upindo wa leso, nikakibusu, nikakiinua dirishani.

Alikuwa mzee mwenye ndevu na kilemba. Nilimkumbuka. Ndiye niliyemwacha juu kabisa ya rundo nilipoondoka; kilemba chake kilinipita machoni kabla sijageuza uso.

Nilimuuliza Mgoa ni nani aliyegusa vioo. Alikuwa akikata karatasi, hakuinua kichwa.

"Mvua iliingia bandani, bibi. Nilivihamisha mwenyewe, kimoja kimoja."

Cha juu kilitangulia kutoka, kikatangulia kulazwa. Cha chini kilikuja juu. Mgoa akanyanyua karatasi moja, mpya, inang'aa ute.

"Hii nimemwekea mwanao. Kioo chake sikioni kwenye kasha. Kiko wapi?"

"Kilivunjika, bwana," nikasema. Alinipa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Mpaka alipokufa hakujua, wala sikumwambia mtu mwingine yeyote. Kama ningekiacha kwenye kasha lake, ningekuwa naye leo ukutani.

Niliviinua vioo kumi na viwili kimoja baada ya kingine nikitafuta ni kipi. Vyote vilikuwa safi.

Ofisa alikuja Ijumaa, akapigwa picha kumi na mbili kwa vioo vile vyote, amekaa, amesimama, yeye na mbwa wake, yeye na bunduki. Mgoa alipozianika picha uani, nilizipitia zote, nikaanza upya. Niliomba, mimi niliyejisifia kazi yangu, kwamba safari hii nimekosea. Kwamba nyuma ya bega la yule mtu, au chini ya kiti, kumebaki japo kipande cha kaniki. Mgoa alikuja akasimama kando yangu, akazitazama naye, akasema hajapata kuona vioo vilivyosuguliwa vizuri namna ile.