Samaki Wangu na Maji ya Ubani

Utotoni, Ngamiani, nilifuga samaki wa mtoni kwenye chupa, nikiota utaalamu wa bahari. Mwaka huu nimeajiriwa ofisi ya samaki. Juzi Mzee Kombo, mvuvi wa Tongoni, alituletea samaki watano hai wa rangi rangi ndooni, bwana mkubwa wa ofisi aje awachunguze.

Wageni wazuri hivi, nikawaza, watakaaje na maji ya ndoo? Nikayamwaga, nikawajazia ya kunywa niliyoyachota nyumbani, mtungini kwa mama, yaliyofukizwa ubani. Wakatulia, wakalala ubavu. Nami nikaketi kando yao, nikiota.

Mzee Kombo akarudi.

"Shikamoo."

"Marahaba." Akachovya kidole, akalamba. "Samaki wa bahari umewatia maji matamu! Afadhali ubani umeshafukiza, mwanangu. Imebaki kuzika."

Nyuma yake, bwana mkubwa alikuwa keshavua kofia.