Koti la Jenerali

Sijalewa, sina homa, na chumvi siongezi. Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, mchana, kwenye shamba la kahawa kule Hasamba, na simu niliyorekodia bado ninayo.

Mimi nauza mitumba hapa Tunduma, na nimepanga chumba kimoja Chapwa. Mtandaoni watu wananijua kwa jina la Malkia. Kuna tamthilia moja ya kigeni ya wafalme na mapanga, zile zinazotafsiriwa kwa Kiswahili, ambayo mimi na rafiki yangu Tumaini, aliyekuwa akiishi na mama yake hapo hapo Chapwa, tuliipenda mpaka tukaanza kuiigiza wenyewe. Mapanga tulichonga kwa mabanzi. Taji nilikata kwenye kopo la mafuta ya kula, likanichana paji la uso. Mimi malkia, yeye jenerali wangu. Koti lake lilitoka kwenye belo langu mwenyewe la mitumba, la buluu, vifungo vya rangi ya dhahabu, sijui lilikuwa la mpiga tarumbeta wa nchi gani huko. Tunashuti kwa simu, naediti mwenyewe, tunarusha. Mwanzoni watu walitucheka. Halafu wakaanza kusubiri. Komenti zikawa zinatoka Mwanza, Mombasa, Lusaka. Kuna mtu aliandika kwamba ya kwetu inamgusa kuliko hiyo yenyewe ya kigeni, na Tumaini akaisoma ile komenti kwa sauti mpaka nikamnyang'anya simu.

Halafu Tumaini akafa. Homa tu, hata wiki haikuisha.

Mtandaoni sikumwambia mtu. Wewe ungeweza? Wanauliza, "Jenerali yuko wapi?" Najibu, "Anakuja." Nikishajibu hivyo nilikuwa napata usingizi kidogo. Ndugu zangu wote wako mbali, na hapa mjini yeye ndiye aliyekuwa mtu wangu. Nikifunga meza jioni nilikuwa sina pa kwenda, nakaa tu kitandani na taji langu la kopo. Nilichotaka ni kumaliza sehemu ya mwisho, ile tuliyoipanga wote wawili. Niliona nikiimaliza atakuwa bado yupo kidogo.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Kwa kina Tumaini, Wanamwanga wenye ndugu pande zote mbili za mpaka, mtu akifa jina lake haliachwi hivi hivi. Wazee wa ukoo wao wanachagua mtu wao, wanamkalisha mkekani, wanamvika nguo ya marehemu, wanampa maji anywe, kisha wanamwita kwa jina la marehemu. Akiitika, imekwisha. Yeye ndiye anayelibeba jina, na marehemu anapumzika. Kwa Tumaini jambo hilo lilikuwa bado, tunamngoja mjomba wake kutoka Zambia.

Na sehemu yetu ya mwisho ilikuwaje? Malkia anamtawaza jenerali kuwa mfalme. Mambo ya kutawazana ya huko ugenini hatukuyaelewa vizuri, tukaazima ya nyumbani: mkeka, koti, maji. Tumaini ndiye aliyesema, "Dada, tuweke kikwetu bwana, watapenda." Wakati huo hakuna aliyekuwa amekufa. Ulikuwa mchezo.

Basi siku hiyo sikufungua meza. Nilipanda gari mpaka Hasamba, nikaingia kwenye shamba la kahawa la watu tunaofahamiana. Ukungu ulikuwa umeshuka, ule wa kulowesha nguo bila mvua. Nikafunga simu kwenye stendi, nikatandika mkeka, nikachomeka fimbo chini na kuivalisha koti. Mpango wangu ulikuwa kuongea na ile fimbo, halafu kwenye kuediti nitajua la kufanya. Nikavaa taji, nikaanza kusema maneno yangu. Niamini, hakuna upweke kama wa mtu mzima aliyevaa kopo anayeisihi fimbo imwitikie. Nikalia palepale.

"Pole na kazi, dada," mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, amelowa, sura yake sijawahi kuiona. Nikajifuta macho haraka. Akaitazama fimbo, akanitazama mimi.

"Huyo mwenzako mbona haongei?"

"Mwenzangu hayupo," nikamjibu, na nilimjibu vibaya, maana nilikuwa na aibu. "Kama unaweza kukaa mkekani ukanyamaza, nisaidie. Kama huwezi, pita."

Akacheka. Akavua viatu, akakaa. Ningejiuliza katokea wapi, sivyo? Sikujiuliza. Nilifurahi kupata mtu, basi. Nikamvika koti. Nikampa maji, akanywa yote kama mtu aliyetoka mbali. Kisha ikafika mahali pa kumwita. Kwenye hadithi natakiwa niseme, "Jenerali, inuka." Mdomo wangu ukasema, "Tumaini."

"Naam, dada," akaitika.

Nikadhani anafuata mkondo tu. Lakini akainuka, akanionyesha simu kwa kidevu. "Geuza hiyo, mwanga uko nyuma yangu, utanitoa mweusi kama sufuria." Hayo ndiyo aliyokuwa akiniambia Tumaini kila siku, hivyo hivyo, na sufuria yake. Nikageuza simu. Akaanza kusema maneno ya mfalme, yale tuliyoyatunga mezani kwangu katikati ya marundo ya suruali, ambayo hatukuyaandika popote wala kumwambia mtu. Aliyasema yote. Na pale alipokuwa hapendi, alipunguza.

Utasema ningekimbia. Nikimbie niende wapi? Aliyekuwa mbele yangu ndiye niliyekuwa namtafuta. Sura haikuwa yake, sauti haikuwa yake, lakini alikuwa yeye, na haki ya Mungu sikuogopa hata kidogo. Nilikuwa na furaha. Tukashuti mpaka mwisho.

Tulipomaliza akaniuliza, "Mbona siku hizi unashuti peke yako?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kumwambia. Tumaini, umekufa, tumekuzika, mama yako hali chakula. Nilijua nikisema hivyo ataondoka. Nikasema, "Watu wana shughuli nyingi."

Akatikisa kichwa, akaridhika. "Basi mimi natangulia nyumbani, mama atakuwa ananingoja." Akaondoka na koti lake kati ya mistari ya kahawa, upande usio wa Tunduma kabisa. Nikashtuka, nikamwita, na kwa hofu ya kulitaja tena lile jina nikaita, "Jenerali! Jenerali!" Akainua mkono bila kugeuka, akaingia kwenye ukungu.

Video niliirusha. Niliwaza nini? Sijui. Nilikuwa nimeahidi kwamba anakuja. Haikuwahi kutokea kwetu kutazamwa na watu wengi vile. "Jenerali karudi!" Wote wakasema hivyo, na hakuna hata mmoja aliyeuliza huyu ni nani. Nikaitazama upya. Mimi naona yule mgeni mwembamba, sura yake ileile ngeni. Nikampelekea Mama Tumaini simu.

"Shikamoo mama. Huyu unamjua?"

Akashika mdomo. "Mwanangu. Amekonda."

Mjomba alipofika kutoka ng'ambo, ukoo ukakutana. Mpwa wa Tumaini akakalishwa mkekani, akavikwa shati la marehemu, akanyweshwa maji. Akaitwa. Akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akaitwa tena. Ndipo kule nje, upande wa barabara, mtu akaitika, "Naam." Wote tulisikia. Tukatoka mbio, hakuna mtu, ni malori tu kwenye foleni ya mpaka na madereva wamelala.

Mjomba akanigeukia. Nilikuwa nimeshamwonyesha ile video na kumsimulia yote. "Awe, mwanangu, awe," akasema, akikataa kwa kichwa. "Jina la mtu halikai kwa watu wawili. Uliyempa humjui. Mtafute avue hilo koti, la sivyo msiba huu hauishi."

Nimemtafuta. Hasamba hakuna anayemjua. Lakini mashabiki wanamwona! Mmoja akaniandikia kutoka Ikinga, kule Ileje. Mwingine Nakonde, upande wa Zambia. Mwingine stendi ya Vwawa. Wote wanasema amevaa koti la buluu, ana adabu, anauliza njia ya Chapwa. Wanamshangilia, "Jenerali!", wanapiga naye picha, anacheka, anaendelea na safari, na wao wala hawamjibu alichouliza. Nikaandika mtandaoni wazi kwamba Tumaini amefariki. Wakanicheka. "Malkia acha kutuchezea, jana tu nimepiga naye picha." Picha zenyewe wananitumia. Naona koti, na uso wa mtu nisiyemjua.

Mama yake bado anapika ugali wa watu wawili. Matanga hayajaanuliwa mpaka leo, na majirani wamechoka. Jumapili akitoka kanisani anapitia kwangu, naweka video, anamsalimia mwanaye, anampa habari za nyumbani. Mimi nakaa pembeni. Anaona mtoto wake, anaona meno yake, anaona kovu lake la shavuni. Dunia nzima inamwona Tumaini wangu isipokuwa mimi.

Kwa hiyo wewe nakuomba. Usimvike mtu usiyemjua nguo ya marehemu, hata kwa mchezo, hata kama kamera ndiyo inayokuhimiza. Na ukikutana na mtu wa koti la buluu anauliza njia ya Chapwa, usimwite Jenerali, usitoe simu. Mpe maji. Mwite Tumaini, mwombe avue koti, mwambie polepole kwamba amekufa, kwamba hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia. Kisha nitafute, uniambie alikuwa anafananaje.